Uvundo Katika Gari la Kulala

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa pua kuliko kwa macho. Nilifungua mlango wa nyuma wa gari la mume wangu, na harufu ikanipokea kabla sijainua mguu kupanda. Haikuwa ya mzoga wala ya samadi. Hizo mtu wa Bariadi anazijua na hazimtishi. Ilikuwa nzito, ya kitu kilichofungiwa mahali kikakosa hewa. Nilirudi nyuma, nikaufunga mlango taratibu, kisha nikageuka kutazama kama kuna aliyeniona.

Kwa nini nilitazama? Sikuwa nimefanya kosa. Lakini nilikuwa mke mgeni, na mke mgeni hujifunza mapema kutazama nyuma.

Nilitoka kwetu Kimali, Meatu, nikaolewa na Masanja kwenye kaya yao iliyo nje kidogo ya mji wa Bariadi. Masanja alikuwa dereva. Mzungu mmoja aliyekuwa akizunguka mbugani alipoondoka nchini alimwachia gari lake kuukuu kwa bei ya huruma. Nyuma ya kiti cha dereva palikuwa na chumba kamili: vitanda viwili vya mbao, kabati, jiko dogo la gesi na mapazia ya maua. Watu walikuja kulitazama kama wanavyokuja kumtazama mtoto mchanga. Masanja alipanga kulikodisha kwa wageni wanaoingia Serengeti kwa upande wa Lamadi, na sisi tule kupitia hilo, maana pamba mwaka ule ilikuwa imetuangusha.

Basi masika yakaja. Siku moja, akirudi kutoka Lamadi, alikuta mto wa msimu umejaa, akajiamini, akaingia. Gari lilizimika katikati. Maji yalipanda mpaka kwenye magodoro, na ng'ombe wa kulimia wa watu wa pale ndio waliolivuta. Alipolifikisha nyumbani alifuta maji kwa matambara, akaanika magodoro mchana mmoja, akayarudisha. Kisha, kwa kuogopa wezi, alifunga madirisha yote, akapiga kufuli, akalifunika turubai. Mama yake akamsifu kwa uangalifu wake.

Nilipoigundua ile harufu nilisugua kila mahali kwa sabuni. Ikapungua, ikarudi. Nilikwenda sokoni kwa Mama Zuhura, mwenye duka la vitambaa na manukato, akanipa ubani. Akaniambia, "Fukiza, lakini fungua madirisha kwanza." Mimi nikafukiza nimeyafunga, nisije nikaonekana na moshi nikaulizwa. Wageni wa kwanza walipolala humo waliamka wanakohoa, macho mekundu, wakaondoka bila kugusa chai.

Siku hiyo shemeji yangu Mayunga, mdogo wake Masanja, alilizunguka gari mikono nyuma.

"Maji hukauka," alisema. "Jua lote hili, mpaka leo? Hayo si maji."

Mama mkwe alikuwa anapepeta mtama. Akasema, "Na halikuwa linanuka kabla ya..." Akanitazama, akaendelea kupepeta.

Mwanangu, neno lisilomaliziwa ni baya kuliko tusi. Tusi unalijibu.

Wakapekua. Ndani ya kabati la gari walikuta kifundo cha kaniki chenye mizizi. Kilikuwa changu. Mama yangu alinipa nilipoondoka Kimali, nichemshe na kunywa tumbo la mwezi likinisumbua. Nilikiweka humo siku niliyokuwa nasafisha, nikakisahau. Nilieleza hivyo hivyo. Lakini ukweli ukisemwa kwa sauti inayotetemeka hufanana sana na uongo. Mayunga alikishika kile kifundo kwa ncha ya kijiti akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Wakanitolea masanduku yangu nje, wakazikung'uta nguo zangu moja moja mbele ya watoto.

Kuanzia hapo mtungi niliochota mimi haukunywewa. Nikipika, chakula kinapoa. Masanja mwenyewe, mume wangu, aliniambia siku moja, sauti ya chini, "Onja kwanza wewe." Nikaonja.

Nami sikukaa bila kushuku. Nilijiuliza: nani anafaidika nikirudishwa kwetu na gari likaonekana la nuksi? Mayunga alikuwa akilitaka tangu lilipofika. Nilimwona mara nyingi akilizunguka jioni. Ufunguo ulitundikwa sebuleni, kila mtu aliufikia. Basi nikachomoa uzi mweusi kwenye kanga yangu, nikaufunga kwenye komeo la mlango wa gari, mwembamba, asiouona mtu asiyeutafuta. Kulipopambazuka nilikwenda kuutazama. Umekatika.

Sikungoja. Mayunga alikuwa anapachika mpini wa jembe, mkewe karibu yake.

"Shemeji, ulitafuta nini garini?"

"Mimi?"

"Wewe. Aliyeweka ndiye ajuaye pa kutoa."

Jembe lilimdondoka. Kabla hajajibu, nilisikia sauti nyuma yangu. Ilikuwa ya Masanja.

"Mwache. Ni mimi niliyefungua alfajiri."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

Alitazama chini. "Nilikuwa natazama kama umeongeza kingine."

Tulikuwa tumetegeana mitego, mume na mke, kwenye mlango mmoja. Sikulia pale. Niliingia ndani nikaanza kukunja nguo zangu.

Kabla sijaondoka, wakaitisha kikao. Mayunga alikuwa tayari amepata habari za mfumu mmoja, mganga wa ramli wa mbali, anayesifiwa kwa kutaja wachawi. Mfumu akitaja jina, mwanangu, jina hilo halirudi mdomoni. Kijiji cha jirani mama mmoja alitajwa, nyumba yake ikachomwa, yeye akapona kwa kukimbilia kwenye mtama. Nilijua kinachonijia. Lakini baba mkwe alikuwa ameshafariki, na jambo zito kama hilo lisingeamuliwa bila dada yake mkubwa. Ndivyo alivyoitwa Shangazi Ngolo kutoka Ipililo.

Alifika amechoka, vumbi mpaka magotini. Nilipiga magoti kumsalimu.

"Mwangaluka, shangazi."

"Mwangaluka, mayu. Mbona umekonda?"

Ni yeye wa kwanza kuniita mayu, mama, tangu kile kifundo kionekane. Aliketi, akasikiliza kila mmoja mpaka mwisho, hakukatiza. Mayunga alimalizia kwa methali, "Lisemwalo lipo, shangazi." Shangazi akasimama.

"Nionyesheni hilo gari."

Alipanda peke yake, akaketi kwenye kitanda, akafumba macho. Sisi tumesimama nje tunamwogopea. Aliposhuka alimtazama mama mkwe.

"Wifi, pamba mliiweka humu lini?"

"Hatujawahi kuweka pamba humu."

"Basi mmeweka nini kilicholowa? Hii ni harufu ya pamba iliyonyeshewa ikafungiwa ghalani. Kaya nzima ya wakulima wa pamba, hakuna aliyeitambua?"

Nami pia niliijua harufu ile, mwanangu. Nimeinusa tangu utotoni kwa baba yangu. Sote tuliijua, lakini hofu ilikuwa imeshatuambia jina jingine.

"Masanja, leta nyundo na bisibisi."

Waling'oa kapeti. Chini yake mbao zilikuwa nyeusi. Waling'oa ubao wa ukutani nyuma ya kitanda, na hapo tukaona: kati ya ubao na bati palishindiliwa sponji ya kuzuia joto, na ile sponji ilikuwa bado imelowa. Masanja aliiminya, maji ya kahawia yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Ukungu ulikuwa umetambaa kote, kijani na mweusi. Na juu yake, pembeni mwa dirisha, raba ilikuwa imepasuka; kila mvua iliyonyesha baada ya ule mto ilikuwa inaongeza maji yake.

Shangazi Ngolo hakupandisha sauti. "Mlikung'uta nguo zote za binti wa watu," alisema. "Hamkung'oa hata ubao mmoja."

Mayunga aliondoka kikaoni bila kuaga.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya jua na mikono. Tulitoa kila kilicholowa. Magodoro na sponji tukavichoma, maana sponji ikishaota ukungu haiponi. Mbao zilizolainika tukatupa, zilizo nzima tukazisugua kwa maji ya moto na sabuni, kisha tukazipaka siki, tukaziacha juani mpaka zikalia kavu ukizigonga. Milango na madirisha yakalala wazi mchana kutwa. Tuliweka mabeseni ya mkaa ndani ili unyonye harufu iliyobaki. Masanja akabadilisha raba, akamwaga maji juu ya bati huku mimi niko ndani natazama kama kuna tone. Tulikuwa hatusemezani, lakini siku hiyo ilibidi. "Panavuja?" "Hapana." "Na sasa?" "Hapana." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza.

Jioni yake nilimuuliza, "Uliamini kweli?"

"Niliogopa," alisema.

"Sikukuuliza hilo."

"Nusu yangu iliamini."

Nilimshukuru kwa kutonidanganya. Gari lilipona kiangazi kile kile, likabeba wageni miaka mingi, hakuna aliyekohoa. Sisi tulichelewa zaidi. Mama mkwe hakuniomba radhi. Siku moja tu alichukua kata, akachota kwenye mtungi wangu, akanywa mbele yangu mpaka ikaisha. Nilipokea. Mayunga hakuwahi kupanda gari lile tena, nami sikuwahi kumwomba msamaha kwa ile asubuhi ya jembe, mpaka alipohamia Kalemela. Hilo bado ni deni langu.

Sasa nyinyi mna magari mazuri kuliko lile, na mvua za siku hizi hazina adabu. Maji yakiingia, mwanangu, usifunike. Fungua siku ile ile, toa vyote, ng'oa ubao utazame nyuma yake, maana juu panaweza kukauka na ndani pakaoza. Usifukize ubani juu ya uvundo. Manukato huificha harufu na kuulinda ukungu. Tafuta panapovuja uzibe kabla hujarudisha chochote, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mtu akikujia na jina mdomoni kabla hajashika bisibisi mkononi, mwambie angoje. Ubao ukiung'oa bure utaupigilia tena. Mtu ukimng'oa, hapigiliwi.

Mungu akukaushie kilicholowa. Akupe nyumba inayopitisha hewa, na mwenzi unayeweza kumuuliza swali ana kwa ana. Mkono wako uchote maji, na wenzako wayanywe bila kukutazama. Nenda salama, mayu.