Likizo Tuliyoacha Kiswahili Mlangoni

Juzi nilikwenda Changamwe kumjulia hali baba. Tulikaa barazani, namsimulia mambo ya kazini, mara ndege ikapita juu ya mabati, nami nikanyamaza neno likiwa bado mdomoni. Baba naye akangoja, kikombe mkononi. Hakuna aliyecheka, maana sisi wa upande wa Airport ndivyo tunavyoongea, kwa zamu na ndege. Kelele ilipokwisha, mambo ya kazini yalikuwa yamenitoka kichwani, nikabaki naikumbuka ile likizo ya Desemba niliyofundishwa Kiingereza katika nyumba hiyo hiyo.

Nilikuwa nimemaliza darasa la tatu. Baba alikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, kule Kipevu, na mwaka ule kijana ambaye baba mwenyewe ndiye aliyemfunza kazi alipandishwa cheo akawa mkubwa wake, ati kwa sababu Kiingereza chake kinateleza. Baba hakugomba. Alikuja nyumbani akatangaza kwamba Januari nitaingia akademi, zile shule za kulipia za Kiingereza, na kwa kuwa akademi kuna intavyuu, tangu siku hiyo Kiswahili kitavuliwa mlangoni pamoja na ndara. Ndani ni Kiingereza tu. Nikipita, tutaongea tena tunavyotaka. Nisipopita, tutaendelea hivyo hivyo mwaka mwingine mzima.

Mama alikuwa kiwandani tangu alfajiri hadi magharibi, na akirudi alikuwa hoi, hana nguvu ya lugha yoyote. Niliyeshinda naye ni bibi, mama yake baba, aliyetoka Rabai kuja kunilea nilipozaliwa. Bibi hakujua Kiingereza. Wakati wa kupanga mambo, hakuna aliyelifikiria hilo.

Asubuhi nilikwenda tuisheni kwa jirani, mwalimu mama wa kutoka bara, sauti kali moyo laini. Alinifundisha vitu vya nyumbani, sufuria, ufagio, mto, nikavishika upesi. Kisha akaleta yale maneno yanayotembea mawili mawili, na hapo ndipo nilipozama. Nilijua "look" ni kutazama. Akaiwekea "after" nyuma, ikawa kutunza mtu. Akaondoa, akaweka "for", ikawa kutafuta. "Give" nilijua ni kupa, lakini nikiambiwa "give up" ati nimekata tamaa. Mimi nilikuwa nimekata tamaa siku nyingi kabla ya kujua inaitwaje.

Lakini shida yenyewe ilikuwa nyumbani, mchana. Kabla ya amri ile, saa hizo zilikuwa zetu. Bibi alikalia mbuzi akikuna nazi, mimi nikichambua mbaazi, mahamri yakiumuka chini ya kitambaa, naye akinipa habari za watu wa Rabai, wazima na marehemu, bila kuwatenganisha. Sasa tulikuwa kimya. Utaniuliza, si baba yuko kazini, mngeongea tu? Nilijaribu. Bibi mwenyewe ndiye aliyenikataza.

"Hii ni nyumba ya mwanangu," alisema. "Siwezi kukufunza kumdanganya babako."

Akiniita, badala ya kuitika "abee" kama msichana yeyote wa pwani anavyomwitikia mkubwa wake, niliitika "yes".

"Waniitika kama askari wa geti," alisema siku ya kwanza, akacheka.

Baadaye hakucheka tena. Halafu akaacha kuniita. Nilimwona akijinyanyua na magoti yake mabovu kufuata chumvi iliyokuwa karibu nami, na sikujua nifanye nini. Niliumia sana. Jioni moja nikamsikia akimwambia baba anataka kurudi Rabai.

"Humu hata kuku wana wa kusema naye," alisema.

"Ngoja intavyuu, mama," baba alimsihi. "Akipita, haya yote yatakwisha."

"Haya. Nitangoja."

Basi nikajua kuwa bibi kukaa au kuondoka kumewekwa kwenye ulimi wangu, na ulimi wenyewe nilikuwa nao huu.

Siku ya intavyuu baba alikuwa na meli ya kushughulikia bandarini, kwa hiyo bibi ndiye aliyenipeleka, amejitanda leso mpya. Aliketi kwenye benchi nje ya dirisha. Ndani, mwalimu mkuu aliinua uso akaniita jina langu, kwa upole, kama wanavyoita wakubwa wa kwetu. Nikainama kidogo, nikaitika, "Abee."

"Pardon?"

Nilidhani hakusikia. "Abee!" nikaitika tena, kwa sauti ya kufika Kipevu.

Baada ya hapo kinywa kilijifunga. Aliniuliza naamka saa ngapi, nani hunitunza, na kila neno nililijua, kila moja. Nilisimama mikono nyuma, machozi yakinidondoka.

Nje, bibi alinifuta uso kwa leso yake. "Umeitika vizuri, mjukuu wangu," alisema, na alifurahi kwa kweli, ingawa sote wawili tulijua kilichokuwa kimetokea.

Januari bibi akabeba mkeka na mbuzi yake ya nazi akaenda zake Rabai. Baba alimsindikiza hadi barabarani, hakuweza kumzuia wala kuifuta amri yake. Amri yenyewe haikuishi. Mama aliikataa mwezi wa pili, usiku mmoja tu, kwa Kirabai, lugha ya kwao bibi.

Pasaka tukaenda kumwomba bibi arudi. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia tangu njiani. Tulimkuta amesimama mlangoni, kanga imekazwa, mikono imeshikana mbele.

"Come in," alisema, polepole. "Sit down, please."

Kumbe kila jioni alikuwa akienda kwa watoto wa jirani wa huko, wanafunzi, wamfundishe. Alinitazama kuona kama amepatia. Halafu maneno yakamwishia. Baba aliangalia chini. Mimi nikaingia, nikakaa.

Hakurudi Changamwe. Alifariki kabla sijamaliza shule ya msingi. Jiko alimokuwa akikunia nazi siku hizi ni chumba cha kupangisha, nazi tunanunua ya pakiti, nami nashinda ofisini naongea Kiingereza kutwa, yale mawili mawili yakitoka yenyewe bila kuyaita. Nimekijua chote hicho, na mpaka leo sijui ningemjibu nini pale mlangoni.