Kengele ya Batasema

Enzi zetu kule Walikale, mbwa alipewa jina lenye ujumbe. Si hawa wa leo wanaoitwa Bobi, jina lisilomwambia jirani kitu. Wetu aliitwa Batasema, yaani watasema tu. Papa alimpa jina hilo kwa ajili ya mama mmoja jirani yetu, aliyejua hata chumvi tuliyotia kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Kila jioni Papa alisimama uani akaita kwa sauti ya kufika mtoni: "Batasema! Batasema, kuya!" Mama alicheka mpaka mwiko unamuanguka.

Wa rika langu mnakumbuka. Siku za kazi Papa alilima, Jumamosi aliwinda, na Jumapili aliimba kanisani akiwa na mikwaruzo ya miiba mpaka masikioni. Kabla ya kuingia porini alimfunga Batasema kengele ya mti shingoni, ile inayolia ko-ko-ko, ili wawindaji wajue mbwa yuko wapi. Sisi watoto tulikaa njiani na ndizi zetu za kuchoma, masikio yote porini. Kengele ikisikika inarudi, tulikimbia kuwasha moto. Nyama ikigawanywa, mapafu yalikuwa ya Batasema, na alikula wa kwanza. Ukinyoosha mkono kabla yake, Papa alikupiga kijiko vidoleni: "Weye uliwinda nini?"

Kisha Batasema akazeeka, akaugua. Tumbo lilivimba, miguu ikakonda, hata mapafu akayakataa. Mama alimtwangia majani machungu, Papa alimkanda kwa mawese, na yule jirani, yule yule jamani, akaleta uji. Miye niliyempenda kuliko masomo yote nilikuwa na dawa yangu. Nilitoa kengele ukutani, nikamfunga, nikaitikisa. Ko-ko-ko. Batasema akasimama!

Nilipiga kelele kijiji kizima kikasikia: "Papa, kuya uone! Batasema iko natembea!" Akashika njia ya porini huku anatetemeka, mimi nyuma yake naruka-ruka kwa furaha. Hakufika mbali. Alianguka kwa ubavu, na miguu yake ikaendelea kupiga pale chini kama bado anakimbia.

Papa hakunigusa. Alipiga magoti akafungua kamba ya kengele. "Mutoto wangu, hajapona," aliniambia. "Amesikia kazi, njo maana anasimama. Ukimuita, atakuitikia mpaka afe." Akamwambia Mama aache majani. Akambeba Batasema mpaka jikoni, kwenye majivu yenye joto, akakaa naye akimshika sikio. "Lala, Batasema. Leo hakuna kazi." Siku ya tatu mbwa wetu akafa. Nilikataa bugali, nikamnunia Papa wiki nzima, maana kwangu mimi alikuwa amemnyima mbwa wangu dawa. Nilibaki na hasira hiyo miaka mingi, na yeye akafa sijamwambia.

Basi, mapenzi yakanileta Masisi, nikaolewa Muheto, kwenye baridi, ng'ombe na fomaji, ile jibini ya maziwa yao. Nilipofika, mawifi walikuwa na maneno, na mimi nikafuga mbwa nikamwita Mutanizoea. Nilimuita kwa nguvu kila asubuhi, arudishe ng'ombe waje kukamuliwa. Kweli, wamenizoea! Sasa mbwa mwenyewe amezeeka, na tangu mvua zianze tumbo lake limevimba vilevile. Veterineri anakuja na pikipiki yake kumchoma sindano, na mbwa akisikia pikipiki hiyo anaanza kulia kabla haijafika. Jana veterineri alinishika mkono. "Mama, naweza kuendelea ao kuacha. Kupona, hapana. Ni weye utaamua."

Binti yangu Riziki, wa miaka kumi na minne, hataki hata kusikia neno kuacha. Watoto wa leo, Mungu wangu! Kufua sare yake mwenyewe mpaka umuombe mara tano, lakini ameuliza telefone dawa za mbwa za dunia nzima. Asubuhi hii alinijia mbio: "Mama, kuya uone! Iko nasimama!"

Alikuwa amerekodi sauti yangu nikimuita Mutanizoea malishoni. Akaibonyeza tena. Mbwa akainuka, miguu inatetemeka, akaelekea kwenye ng'ombe. Alifika kwenye uzio, akaanguka, na miguu ikaendelea kupiga.

Nilikaa chini pale pale kwenye matope na nguo yangu safi. Nililia mbele ya mtoto, sikuona haya. Kisha nikamsimulia habari za ile kengele ya mti niliyotoka nayo kwetu, iliyo ukutani sebuleni, ambayo yeye alidhani ni pambo.

"Kwa hiyo tunamuacha?" aliniuliza.

"Sindano tunaziacha. Yeye tutakaa naye."

Nikampigia veterineri asije tena. Zamani hatukuwa na sindano wala telefone. Papa alifungua kamba moja tu, na nilidhani ilikuwa rahisi kwake. Leo tuna vyote hivyo, na nilibonyeza namba nikaifuta mara tatu kabla ya kupiga. Natamani angekuwepo nimwombe msamaha.

Riziki aliifuta ile sauti mwenyewe bila kuambiwa. Tukambeba mbwa mpaka jikoni, karibu na mafiga, nami nikamshika sikio. Aliinua kichwa akanitazama, anangoja nimuite.

"Lala, Mutanizoea," nilimwambia. "Leo hakuna kazi."

Akalaza kichwa juu ya mguu wangu.