Kipande cha Dashibodi ya Mzee Mwirigi

Siku yangu ya kwanza kazini Hajji hakunipa chombo chochote. Hajji ndiye aliyekuwa mwenye karakana ya redio za magari pale Makutano, Meru, mtu mpole ambaye kanzu yake ilikuwa safi asubuhi na yenye grisi ikifika adhuhuri. Alinikalisha ndani ya lori kuukuu, akaniambia nifumbe macho na nipitishe mkono nyuma ya dashibodi. "Sema unashika nini," akasema. Nikashika nyaya, nikashika bomba, nikashika chuma baridi chenye kutu. Nilikaa humo mpaka nikaanza kusinzia, na hata leo nikifumba macho vidole vyangu hurudi mle nyuma vyenyewe.

Ninyi vijana mnapata gari ambalo nafasi ya redio imeshatengwa kiwandani. Mnachomeka, mnaondoka. Haya. Sisi tulipokea magari ambayo dashibodi yake ni bati moja zito, mlango hadi mlango, na aliyeitengeneza hakuwaza redio hata kidogo. Ilibidi kukata. Na Hajji alikuwa na sharti lake ambalo wateja walilicheka: mstari wa kukata aliuchora mwenye gari mwenyewe, kwa msumari wa kuchorea, chuma chenye ncha kali kinachoacha alama juu ya rangi. Sisi tulimshikia rula tu. "Bati halioti tena, bwana," Hajji alikuwa akimwambia. "Ukichora wewe, moyo wako umekubali."

Baadaye nilipelekwa tawi la Embu, chini ya Msimamizi. Huyo alikuwa mtu wa haraka. Malori kutoka kule chini Mbeere yalifika na vumbi mpaka ndani ya spika, na yeye alitaka yatoke kabla ya chakula cha mchana. Alitumia grainda, mashine ya kukatia chuma, ikitema cheche mpaka rangi ya pembeni inaungua. Alinifundisha kutoboa kwa drili katikati ya mraba, kisha kukata kuelekea nje. "Kipande cha katikati ni takataka," aliniambia. "Usikibembeleze." Kwa kazi nyingi alisema kweli. Lakini kelele za ile grainda zilinichosha, nami nikazidi kupenda msumeno wa mkono na tupa, ule mkwaruzo wa pole pole unaokuacha uwaze mambo yako.

Hajji alipozeeka aliniita Makutano niwe fundi wake mkuu. Ndipo asubuhi moja ya ukungu akaingia Mzee Mwirigi wa Githongo na pikapu yake ya kijani. Alikuwa mkulima wa kahawa, tena mwenye shamba la ndizi kule Mitunguu. Kwapani alikuwa na redio mpya aliyonunuliwa na bintiye.

"Fundi, niwekee hii," akasema. "Tangu Mama Kanana atuache, gari imenyamaza. Nikianza kushuka Mitunguu peke yangu nasikia hiyo kimya mpaka nageuza njiani. Ndizi zinaivia huko tu."

Mama Kanana alikuwa mkewe. Nilimpa pole, kisha nikapitisha mkono nyuma ya dashibodi kama siku ile ya kwanza. Upande wa dereva kulikuwa na vipimo vya mafuta na mwendo. Upande wa abiria, mota ya waipa, vile vifagio vya kioo. Nafasi ya redio ilikuwa moja tu, katikati. Na pale katikati rangi ya kijani ilikuwa imelika hadi bati tupu, mahali pa ukubwa wa kiganja, pamelainika na kung'aa.

"Hapa pamefanya nini, mzee?"

Akapagusa kwa kidole. "Alikuwa anashikilia hapo tukikata kona. Kila safari. Nilikuwa namwambia, mama, utaniharibia rangi."

Nilimpa msumari wa kuchorea, na siku hiyo nilitamani sharti la Hajji lisiwepo. Aliuweka juu ya bati, akauondoa. Akauweka tena. "Nisipoweka redio siendeshi tena," akasema. "Nikiweka, mkono wake unaenda."

Hajji alikuwa kwenye kiti chake pale mlangoni. Mimi ndimi niliyesema, "Chora tu, mzee. Hicho kipande nitakutolea kizima."

Akachora taratibu, akiizungushia ile alama yote ndani ya mraba.

Kukitoa kizima maana yake sikuweza kutoboa katikati. Nilitoboa vitundu kwenye pembe, juu ya mstari wenyewe, vyembamba kiasi cha kupenyeza ulimi wa msumeno. Nikaufunga ulimi huo kitambaa mwisho mmoja uwe mpini, nikakata, mkono wa kushoto ukiwa nyuma kushikilia bati, kwa sababu likijikunja rangi hubanduka. Mzee alikaa kwenye kiti cha dereva muda wote huo, akitazama mbele kana kwamba tunasafiri. Ukungu ulikuwa umeziba kioo. Msumeno ukienda na kurudi, nikaanza kuhisi tuko watatu ndani ya gari. Sikuogopa, niliona raha.

Kikaachia. Nilipiga kingo tupa zisimkate, nikamwekea mkononi kikiwa bado na joto. Aliweka kiganja juu yake akalia bila kujificha, na mimi nikalia. Kisha nikaunga nyaya, redio ikawaka, mtu akawa anasoma habari za mvua. Mzee akapunguza sauti mpaka ikawa kama ya mtu anayeongea pembeni yako. Akakilaza kipande kwenye kiti cha abiria, akageuza pikapu kuelekea Mitunguu.

Siku hizi nimestaafu. Watu huniuliza kama kazi ile imekufa. Imekufa, na sina kinyongo. Mashimo niliyokata mengi yameenda kwa chuma chakavu pamoja na magari yake, na alasiri nikipata usingizi huyaona yakipita, kila moja na redio yake.

Juzi nilikwenda kunywa chai kwa Mzee Mwirigi. Pikapu ilikuwa uani, tope la Mitunguu bado bichi kwenye magurudumu. Kile kipande amekipigilia kando ya mlango wa jikoni, chini ya ndoano ya funguo. Nilipokikata kilikuwa na kijani pande zote za ile alama. Sasa kijani kimekwisha, bati tupu hadi kwenye kingo.

"Utaniharibia rangi, mzee," nikamtania.

Akacheka, akatungua funguo, na akitoka akakishika kile kipande.