Maneno Madogo Niliyoyakata

Siku yangu ya kwanza kwa shamba la maua nilipewa mkasi, ndoo na mahali pa kusimama. Ilikuwa Kitengela, miaka ya tisini ikianza, wakati hapo mnapoona magorofa palikuwa na nyasi na ng'ombe. Tulioandikwa kibarua asubuhi hiyo tulikuwa wanawake wanane, na nitawataja, maana sijui ni nani mwingine atawataja: Nduku, Wambui, Syombua, Resian, Atieno, Mama Kioko, Naisiae wa Mashuuru, na mimi, Mama Mutinda kutoka Makueni. Wewe unayesoma si lazima uwashike wote. Mshike Naisiae. Alisimama kushoto kwangu na gambuti mbili, zote za mguu wa kushoto, kwa sababu stoo haikuwa imebaki na zingine.

Kila asubuhi tulipangwa paredi mbele ya grinihausi, ile nyumba ya nailoni maua hukuzwa ndani. Meneja alikuwa mzungu, na Kiswahili chake kiliishia kwa jambo. Alisema maneno yake kwa Kiingereza, na karani wa shamba, Wanza, msichana wa Machakos, akatupasulia kwa Kiswahili. Nyapara wetu, Bwana Gitonga, alikijua Kiingereza vizuri, lakini alisema hakuajiriwa kupayuka.

Mimi niliacha shule darasa la tatu. Kazi niliyoanza nayo ilikuwa kutoa macho, yaani kubandua vichipukizi vya pembeni ili ua moja la juu lipate nguvu yote. Ni kazi ya vidole, mdomo unabaki bure. Wanza akija kuhesabu matuta nilimwomba anifundishe. Nilimwambia najua rose, najua bucket, najua scissors. Akacheka, akasema hayo hata ng'ombe wa Resian anayajua.

"Kiingereza hakikai kwa hayo makubwa, Mama Mutinda," aliniambia. "Kinakaa kwa vile vidogo vinavyoshikilia. Ni kama hii nailoni. Watu wanaona nailoni, lakini kinachosimama hapa ni waya."

Akanigawia hayo madogo mafungu matatu. Fungu la kwanza ni ya kusimama mahali pa watu: I, you, he, she, they. Hapo nilihangaika, maana kwetu yeye ni yeye, awe mwanamume au mwanamke, lakini Mzungu lazima akwambie kwanza ni nani kati ya hao wawili. Fungu la pili linasema kitu kilifanywa namna gani au lini: quickly, well, already, again. La tatu ni ya kufunga kamba: and, but, because, until. Halafu akanionyesha vile yanaitana. She cut them quickly, but she did it well. Aliyakata haraka, lakini aliyakata vizuri. Mtu anatangulia, kazi inafuata, namna inakuja nyuma. Halafu but inafungua mlango mwingine, na mtu lazima aingie tena, hata kama ni yule yule. Sisi neno moja kama nitakuambia limebeba mimi, wewe, na siku ambayo haijafika. Mzungu anawatoa wote nje na kuwapanga kama watu wa paredi.

Nilifanya tuta moja sentensi moja. Nikifika mwisho wa tuta, kama sentensi ilikuwa imeanguka, nilirudi nayo tuta lingine. Naisiae alikuwa tuta la pili akinisikiliza na kunicheka kwamba naombea maua.

Mwaka ule wa mvua ya El Nino Wanza aliolewa Rongai, akaacha kazi. Meneja akauliza ni nani mwingine anasikia Kiingereza, na wanawake wote wakanigeukia. Hivyo nikawa mdomo wa shamba, juu ya kazi yangu ya mkasi. Na hapo ndipo nilijifunza kile nitakachowaambia, kwa sababu hakuna aliyenionya.

Paredi haina muda. Maua yakikatwa yanangojwa na chumba cha baridi, chumba cha baridi kinangojwa na lori, lori linangojwa na ndege. Meneja akisema maneno marefu, watu wanaanza kutazama ndoo zao. Kwa hivyo nilifupisha. Akisema kwamba wale wa nyumba ya tano wasiingie mapema, kwa sababu dawa bado haijakauka, lakini wanaweza kuingia baadaye polepole, mimi nilisema: "Nyumba ya tano, saa nne." Watu wakaenda. Mtu akiuliza kitu kirefu, nami nilimpelekea meneja mifupa tu. Yeye mwenyewe alikuwa akinipungia mkono, "Short, Mama, short," na siku moja akamwambia Gitonga kwamba huyu mama anakata maneno kama anavyokata maua. Nilifika nyumbani na sifa hiyo, nikamsimulia mzee wangu. Nilidhani ni ujuzi. Yale madogo niliyofundishwa na Wanza, ya kwa nini, ya namna gani, ya nani alimwambia nani, ndiyo niliyoyatupa kwanza kila asubuhi, na nikazoea.

Sasa Naisiae. Alikaa kambi ya shamba, vile vyumba vya laini nyuma ya mapipa, yeye na msichana wake Simaloi. Mume hakuwako. Kazi ikienda, chumba kinaenda, na hana pengine. Tulikuwa Februari, siku za maua ya wapendanao, na wakati huo sheria ilikuwa moja: ukitoka getini bila karatasi ya ruhusa umeacha kazi. Asubuhi hiyo Simaloi alipata degedege. Naisiae alimwendea Bwana Gitonga pale kwa matuta, na mimi nilikuwa karibu kuliko huyu mjukuu anayenipikia chai sasa. Karatasi hazikuwako, kitabu cha nyapara kilikuwa kimeisha. Gitonga akamwambia kwa mdomo wake aende haraka, lakini arudi kabla ya saa sita. Akaenda hospitali, akarudi saa tano. Askari wa geti alikuwa ameshaandika jina lake.

Kesho yake tuliitwa ofisini. Afisa wa wafanyakazi alikuwa Nairobi, kwa hivyo tulikuwa wanne tu: meneja, Gitonga, Naisiae na mimi wa kutafsiri. Lori lilikuwa nje linanguruma. Meneja aliuliza kwa nini alitoka. Naisiae alisimama, akashika mikono mbele, akasema taratibu kama mtu anayemimina maziwa kwa kibuyu:

"Nyapara mwenyewe aliniambia niende haraka, lakini nirudi kabla ya saa sita. Na mimi nilirudi mapema, kwa sababu mtoto alidungwa sindano akalala."

Meneja akanitazama. Gitonga naye akanitazama. Nikafungua mdomo, nikasema kwa Kiingereza kwamba alienda hospitali, mtoto mgonjwa, anaomba msamaha.

Msamaha hakuomba. Huo niliutia mimi.

"So she left," meneja akasema. Yaani basi aliondoka.

"Yes," nikasema.

Barua iliandikwa hapo hapo. Naisiae alipewa hadi Jumamosi kutoa vitu vyake kwa chumba. Gitonga hakusema neno. Tukitoka alinigusa bega na kuniambia, "Pole na kazi, mama." Kabla ya mvua ndefu alinipendekeza niwe sapavaisa, na nikakubali.

Mtaniuliza ilikuwa mazoea au ilikuwa woga. Nimejiuliza hilo miaka mingi, nikipelekwa shamba lingine upande wa Kajiado, nikisimamia wanawake wa kupanga maua kwa urefu wa kijiti, nikifundisha wengine kutafsiri. Siku zingine nasema ni ulimi uliozoea kufupisha. Siku zingine nakumbuka vile Gitonga alinitazama, na najua kwamba neno he, yule yeye wa kiume, lilifika kwa meno yangu na nikalimeza.

Nilistaafu kifua kikianza kunibana. Mwaka huo huo nilienda Mashuuru kumtafuta Naisiae. Nilimpata kwa boma la kaka yake, akikamua mbuzi. Amezeeka kuliko mimi, na mimi ndiye mkubwa. Nilimsalimia kwa Kimaasai, takwenya, akaitika iko, akaniletea kigoda, akauliza habari za watoto wote kwa majina. Simaloi aliolewa mapema, akasema, shule ilimshinda tangu watoke kambini. Alisema bila kunitazama vibaya. Ningependa angenitazama vibaya.

Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima. Nikamwambia yale maneno yote kwa Kiingereza, vile yalipaswa kuwa siku ile. He told her to go quickly, but to come back before twelve, and she came back early because the child was already asleep. Hakuna hata moja dogo lililobaki nje. Halafu nikamrudishia kwa Kiswahili, nikaomba radhi.

Akamaliza mbuzi aliyekuwa naye, akamwachilia.

"Mama Mutinda, mimi unaniambia ya nini?" akasema. "Mimi nayajua. Nilikuwako. Yule mzungu ndiye hakuyajua."

Tulikunywa chai. Jioni haijafika nikarudi.

Meneja alirudi kwao zamani, na hakuna anayejua mji wake. Bwana Gitonga tulimzika. Shamba lenyewe limeuzwa vipande, na pale ilipokuwa ofisi pana duka la mbao. Nyinyi wajukuu mnaosoma Kiingereza shuleni mnaniambia, nyanya, sema sentensi moja tusikie, nami nawaambia nimesahau. Sijasahau. Niko nayo moja, nzima, na hakuna aliyebaki wa kuambiwa.