Nzi Wangu Aliyepotea Kijitoni

Naomba ieleweke kwamba mimi si mtu wa kushuku watu ovyo. Jumamosi nilikuwa nikivua perege kwenye kijito cha chemchemi huko Kondoa, kwa nzi wa bandia niliyemfunga mwenyewe kwenye ndoano kwa manyoya ya jogoo mwekundu, awe chambo. Niliurusha mshipi nyuma, kisha mbele. Ulipotua majini, nzi hakuwapo. Jirani yangu pekee alikuwa Mama Mwanaidi, aliyevua kwa minyoo. Nilimtaka amrudishe.

"Jamani mzee, nzi wako wa nini, na wa nyumbani nawafukuza kila siku?"

Nilimjulisha kwamba suala hilo litafika kwa mtendaji wa kijiji. Njiani kwenda ofisini hakutania tena.

"Hapa kijijini sijawahi kuitwa mwizi," alisema.

Ofisini nilikabidhi maelezo ya ukurasa mzima. Kisha, kwa kuwa mtumishi wa umma kama mimi hakai mbele ya mwenye ofisi na kofia kichwani, niliivua yangu na kuiweka mezani. Manyoya mekundu yalining'inia nyuma ya ukingo wake.

"Mtendaji, andika," alisema Mama Mwanaidi. "Mwizi ameletwa na mzee mwenyewe, tena kambeba kichwani."