Kijembe Nilichompa Mtoto Kuwa Jina

Jina langu ni ugomvi. Kwa Kirundi ni neno moja tu, lakini ukilifungua kwa Kiswahili linasema "Wananichukia", na anayesema hivyo si mimi, ni baba. Nilizaliwa Mwakiro, kule Muyinga, Burundi, wakati baba na kaka zake wakigombea mstari wa migomba. Kwa desturi yetu mtu akichoka kugombana kwa mdomo, humpa mtoto jina likagombane badala yake. Kila anayemwita mtoto analazimika kulitamka. Baba zangu wakubwa walilielewa vizuri sana, wakaacha kuniita kabisa.

Mdogo wangu alizaliwa miaka miwili baadaye, Tanzania, tulikokimbilia wakati wa vita. Huko hakukuwa na migomba ya kugombea wala kaka wa kugombana nao. Mama husimulia kwamba wiki ile baba alilala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza, basi mtoto akaitwa "Mungu Ametupumzisha". Baba yule yule, mama yule yule. Na kwetu watoto wa nyumba moja hawachangii jina la ukoo, kila mmoja huja na lake, kwa hiyo sikuwa hata na jina la babu la kujificha nyuma yake.

Shuleni mwalimu mmoja, mtu wa pwani, alitaka kujua kwa nini sisi ndugu wawili tuna majina mawili tofauti, kana kwamba tuna baba wawili. Mdogo wangu akasimama, akaeleza desturi yetu, akaeleza na maana ya jina lake. Mwalimu akafurahi, akasema jina jema hung'aa gizani, akamhamishia dawati la mbele. Mimi hakuniuliza langu maana yake nini. Nilikuwa nimeshaandaa uongo mzuri kabisa, nikabaki nao mdomoni. Waswahili husema hasidi hana sababu, lakini mimi siku ile niliipata yangu, na nimeitunza kuliko vitu vingi nilivyopewa.

Tuliporudi Muyinga nilikuwa msichana mkubwa. Kwenye ofisi ya komini, ndiyo tarafa yetu, karani aliyekuwa akituandikisha alisoma majina yetu kwa sauti. La mdogo wangu lilipita. Alipofika kwenye langu akainua macho, akamuuliza baba mbele ya foleni nzima kama watu bado wanamchukia au wameshachoka. Foleni ikacheka, na baba naye akacheka. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa jina la ubatizo. Lile la Kirundi nilikuwa nikiliandika kwa herufi moja na nukta, na hapa Gitega ninaposhona nguo, wateja wangu wengi hawajui kwamba ninalo.

Niliolewa na mtu wa Gishubi, tukakaa miaka saba bila mtoto. Mdogo wangu aliolewa Mwakiro, na uzazi wake wa kwanza ukaleta mapacha. Sasa, mapacha kwetu hawatafutiwi majina. La mkubwa linajulikana, la mdogo linajulikana, na hata mtoto atakayewafuata la kwake linamsubiri. Hata hapo yeye hakusumbuka. Alikuja kunisalimu Gitega, mmoja mgongoni na mwingine kifuani, akanishika mkono akasema, "Dada, Mungu hajakusahau."

Ni hayo tu aliyosema. Mimi nilisikia mengine. Nilisikia kwamba yeye amekumbukwa mara mbili kwa siku moja, na kwamba amesafiri kutoka Muyinga kuja kunionyesha. Nilimkaangia ndizi, nikamtandikia, nikamsindikiza mpaka stendi huku nikimwonea wivu kila hatua. Mwaka uliofuata Mungu akanikumbuka na mimi, nikapata binti.

Kwa haki, jina lilikuwa la baba mkwe kutoa. Mzee alikuwa na lake tayari, zuri, la kushukuru. Nikambembeleza mume wangu akamwombe baba yake aniachie hili moja. Mzee akakubali, kwa sababu ya miaka ile niliyosubiri, akidhani mwanamke aliyesubiri hivyo atamshukuru Mungu kuliko yeye. Nami nikachagua "Watanyamaza".

Siku ya kumpa mtoto jina, ua wa Gishubi ulijaa watu, na pombe ya ndizi ilikuwa katikati na mirija yake. Mdogo wangu alikuwa amefika tangu asubuhi na kapu la maharage na kitambaa cha kumbebea mtoto. Jina lilipotangazwa watu waliguna, kisha wakacheka, kisha wakaanza kutazamana. Watu wa kwetu wakisikia jina la namna ile, jambo la kwanza ni kumtafuta mwenyewe, yule linayempiga. Wengine walimtazama mama mkwe, wengine wakamtazama jirani aliyewahi kunisema kisimani. Aliyejitambua ni mmoja tu. Aliuachia mrija, akainuka.

Alinikuta nyuma ya jiko. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, ni mimi?"

Nikamwambia ni majina tu hayo. Alitikisa kichwa, akachukua vikombe vilivyokuwa chini akaanza kuviosha, kwa sababu wageni walikuwa wengi. Naona aibu kuandika hili, lakini nilifurahi. Nilifurahi siku tatu nzima. Baada ya hapo tulipigiana simu kwa ugonjwa na kwa msiba tu, na siku tuliyomzika baba tulisimama pande mbili za kaburi.

Binti yangu sasa ana miaka minane. Mwaka huu mwalimu wao aliwapa kazi ya nyumbani: kila mtoto aandike jina lake lina maana gani, nani alilitoa na kwa sababu gani, kisha mzazi atie saini. Maana yenyewe alikuwa anaijua, Kirundi ndiyo lugha yake. Alichotaka ni sababu yake. Alikuja kuiuliza pale ninaposhonea, na daftari mkononi. Nikamwambia asubiri nimalize kola. Akasubiri. Nikaanza kola nyingine.

Jirani yangu wa kibanda ni mama Mkongomani kutoka Kivu ya Kusini, muuza vitenge. Watoto wake wote wana majina ya mabibi na mababu, na huwa anashangaa jinsi sisi tunavyogombana kwa watoto. Aliacha kukunja kitenge, akanitazama.

"Mwambie tu mutoto," akasema. "Ile jina haiko yako tena, iko yake."

Nilimjibu auze vitenge vyake. Binti yangu alikuwa ameshachukua simu yangu mezani na kumpigia mama yake mdogo, sauti nje, ili aweze kuandika huku anasikia. Hakuzunguka. Alimuuliza jina lake lilikuwa linamwambia nani anyamaze.

Upande wa Muyinga kulikuwa na mlio wa mbuzi.

"Mimi," mdogo wangu akasema. "Nilimwambia mama yako neno baya alipokuwa hana mtoto. Alikuwa na haki. Andika hivyo, mwanangu."

Alisema bila hasira, kama mtu anayeelekeza njia. Mtoto akainama, akaandika. Na mimi, mguu juu ya kanyagio la cherehani, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa wivu ule ule wa zamani. Hata kosa ameliwahi yeye. Amelitwaa likiwa langu, akawa mwema nalo, na kuniacha mimi safi kwenye daftari la mwanangu. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

Nilitazama kalamu ikienda. Niliwajua baba zangu wakubwa kwa kuwachukia kabla sijawajua kwa sura, kwa ajili ya migomba ambayo sikuwahi kula hata ndizi yake moja. Nikamwona mwanangu akianza safari hiyo hiyo, kwa mwandiko mzuri.

"Futa," nikamwambia.

Akaniangalia. Simu ilikuwa bado wazi.

"Mama mdogo hakunisema vibaya. Alinishika mkono akaniambia Mungu hajanisahau. Mimi ndiye niliyekuwa na wivu."

Muuza vitenge alijifanya anahesabu mita. Nilijua mdogo wangu hajakata, kwa sababu yule mbuzi alikuwa bado analia kwenye simu. Kisha akaniita, "Dada." Nikamwambia nipo. Salio likaisha hapo hapo.

Mtoto alifuta, akapuliza ukurasa, akaandika upya: "Jina langu alinipa mama kwa sababu alimwonea wivu mama mdogo." Hakuna alichoongeza wala kupunguza. Akanisogezea daftari nitie saini. Nikaandika jina la ubatizo, herufi moja na nukta, kama kawaida yangu. Akalirudisha mbele yangu, akasema mwalimu anataka jina lote.

Nikaliandika lote. Mkono haukulizoea, na herufi za mwisho zilipanda juu ya mstari. Alilisoma polepole, akalitazama na lake lililokuwa juu yake, kisha akaniuliza ni akina nani waliokuwa wananichukia.

"Hakuna," nikamwambia. "Mimi hakuna aliyewahi kunichukia."