Aliyenivuta Mguu Kwenye Shimo la Shabaha

Risasi ilichukua vidole vyangu viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na cha mwisho, saa nane mchana, jua linawaka. Ilikuwa ije kifuani. Haikuja kifuani kwa sababu kabla yake, kiasi cha kupepesa jicho, mtu aliyekuwa chini yangu alinishika kifundo cha mguu akanivuta kwa nguvu. Nikaporomoka, mkono peke yake ukabaki juu. Nilipotua chini nikageuka nimwone aliyenivuta. Shimo lilikuwa tupu.

Najua mtakavyosema. Wengine wameshaniambia usoni: ulipoteza damu, ulipigwa na jua, uliota. Sawa. Vidole je, navyo viliota? Mimi shule niliishia darasa la nne, siwezi kutunga uongo mrefu namna hii. Nasimulia nilichokiona, na majina nitayataja, maana waliotakiwa kuyataja wameshanyamaza vya kutosha.

Ilikuwa Dubai, miaka hiyo ya elfu mbili na kumi na kitu. Nilikuwa nalala Muhaisnah, kule tunakokuita Sonapur, chumba cha watu wanane, na basi la kampuni lilikuwa linatuchukua alfajiri kutupeleka jangwani kwenye klabu moja ya kulenga shabaha. Matajiri walikuja pale na bunduki ndefu kupiga karatasi iliyo mita mia sita mbele yao. Kazi yangu mimi ilikuwa shimoni, chini ya hizo karatasi. Shimo limejengwa kwa zege, na mbele yake kuna tuta la mchanga. Fremu zenye karatasi zinapanda na kushuka kwa mnyororo. Risasi ikipita juu unashusha fremu, unabandika kibandiko kwenye tundu, unapandisha tena. Ukikaa chini uko salama kama uko msikitini. Hatari ni pale mnyororo unapokwama, maana hapo lazima upande juu ya tuta, kifua wazi, uunasue kwa mkono.

Kwa hiyo tulikuwa na desturi. Kila bunduki ina komeo lake, kile chuma unachokivuta nyuma kutia risasi. Bila komeo, bunduki ni fimbo tu. Kabla mtu hajapanda tutani, anapita kwa wapigaji mmoja mmoja, anachukua makomeo yote, anayatia kwenye mfuko wa turubai na kuuvaa kiunoni. Bunduki tatu, makomeo matatu. Ukisikia chuma kinagongana kiunoni kwako, unapanda na moyo mweupe. Karatasi ya sheria iliyobandikwa ofisini hakuna aliyeisoma. Sheria yetu ilikuwa ule mfuko.

Mkubwa wa pale alikuwa meneja, Nadhim. Sir Nadhim, ukimwita vinginevyo hageuki. Chini yake alikuwa Kibwana, mtu wa Mombasa, msimamizi wetu sisi Waswahili na mshika redio. Wakumbukeni hao wawili.

Siku ile alikuwepo daktari mmoja wa meno, mtu mnene mwenye adabu, aliyekuwa anajiandaa kwa mashindano ya Ijumaa. Shida yake ilikuwa miguu ya bunduki. Wenyewe wanaiita baipodi: miguu miwili ya chuma inayofungwa mbele ya bunduki ili iegemee chini badala ya mkononi. Msiidharau. Kwenye mita mia sita, mguu ukitetereka kiasi cha unywele huku, kule tundu linahama shubiri nzima. Alijaribu aina tatu asubuhi hiyo. Adhuhuri nilipopanda kwa wapigaji na karatasi zilizopigwa akazitandaza chini, akaniuliza mimi. Ndiyo, mimi!

"Rafiki, wewe unayaona matundu kuliko mimi. Nichague ipi?"

Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza na vidole. Hii yenye miguu mirefu ya mpira inaruka kama mbuzi juu ya zege, tazama matundu yamepangana juu chini kama ngazi. Hii yenye kucha za chuma ni ya udongoni, hapa haipati pa kushika. Hii fupi, pana, yenye nyayo bapa kama mbao za kutelezea, bunduki ikirudi nayo inarudi nyuma sawasawa, haipindi, ndiyo maana matundu yake yamekaa pamoja kama familia. Chukua hii. Isukume kidogo kwa bega kabla hujafyatua.

Daktari akacheka kwa furaha. Nadhim hakucheka. Hiyo fupi pana daktari alikuja nayo mwenyewe. Zile mbili nyingine zilikuwa za duka la klabu.

"You are engineer now?" akanambia. Kisha akamgeukia Kibwana. "Mwambie kazi yake ni kubandika karatasi."

Kibwana akatafsiri na kuongeza chumvi. "Wee Mtanga, nani kakuuliza? Umekuja kufunza wazungu bunduki, na kwenu mwawinda panya kwa manati?"

Wenzangu wakacheka. Lakini maneno yangu sikuyarudisha. Mpaka leo siyarudishi. Nilikuwa sahihi.

Nadhim akamwambia daktari asiamue kwanza, dukani kuna ya nne, mpya, kiboko ya zote, ataileta. Akaondoka na gari. Muda huohuo mnyororo wa fremu ya tatu ukakwama. Nikapita kwa wapigaji wote, nikachukua makomeo, moja, mawili, matatu, nikayatia mfukoni nikateremka na pikapu.

Shimoni nikamkuta mtu.

Alikuwa amechutama, mgongo ukutani, kavaa ovaroli ya bluu ya kampuni, ile ya zamani tuliyokuwa tumeacha kuivaa. Kwenye shavu la kulia ana kovu dogo jeupe kama punje ya mchele. Nikadhani ni mtu mpya aliyeletwa na basi la pili. Nikamsalimia, akaitika kwa Kiunguja kilichonyooka, nikafurahi.

"Umekuja lini hapa?" nikamuuliza.

"N'mewatangulia nyote."

Nikaona ni mtani. Nikaanza kupanga ngazi. Lakini mwili ulikuwa umeshaanza kunisisimka, na niaminini, sikujua kwa nini. Baadaye hospitali ndipo nilipofahamu. Shimo lile saa nane lilikuwa tanuri, mimi jasho linanichuruzika mpaka kwenye viatu, na yeye uso wake mkavu, una vumbi, kama chungu kilichokaa uvunguni. Na nzi. Pale shimoni nzi hawamwachi mtu. Kwake walikuwa wanafika karibu, kisha wanakata kona.

"Ndugu yangu," akaniita, "mfukoni mna mangapi?"

"Matatu."

"Na bunduki ngapi?"

"Tatu."

"Na hiyo miguu inayotoka dukani, itafungwa kwenye nini? Kwenye fagio?"

Nikacheka. Kumbukeni hilo, nilicheka! Alichoniuliza ndicho ambacho mwenye akili angejiuliza mwenyewe. Miguu mipya ilikuwa inakuja imefungwa kwenye bunduki ya duka, na bunduki ya duka ina komeo lake ambalo halikupita mkononi mwangu. Sisi watu wa mfuko tulizoea kuhesabu zilizopo. Inayokuja njiani hatukuwa tukiihesabu.

Redio ikakoroma. Kibwana.

"Mtanga, yalla, panda bwana! Wangoja nini? Huku khalas, hakuna anayepiga, bendera nyekundu iko juu."

Nikapanda. Nilipofika juu ya tuta nikaushika mnyororo kwa mkono wa kushoto. Nasikia yule mtu chini ananong'ona, "Weye hujaniskiliza." Ndipo mkono wake ukanishika mguuni. Mkono huo ulikuwa baridi. Baridi ya chuma kilichotolewa kwenye friza, inayong'ata. Akanivuta.

Yaliyofuata mnayajua. Nimelala sakafuni, naishika damu yangu, na sauti yake naisikia sikioni kama mtu aliyeinama, ila sioni mtu: "Waambie sikuuawa na joto. Haji Makame hakuuawa na joto."

Jina hilo sikuwahi kulisikia. Haki ya Mungu sikuwahi.

Hospitali daktari wa meno alikuja, analia, ndiye aliyenipa ukweli. Nadhim alileta bunduki ya duka na ile miguu ya nne. Daktari akauliza kama kule hakuna mtu, Nadhim akamjibu mtu yuko fremu ya tatu, wewe piga ya kwanza, mbali naye, na hatuna siku nzima ya kungoja. Kibwana alikuwa amesimama pembeni yao na redio mkononi. Daktari alipobana kifyatulio, mguu mmoja wa baipodi ambao haukukazwa ukajikunja. Bunduki ikalala upande wangu.

Nadhim alikuja siku ya tatu na karatasi iliyoandikwa Kiarabu na Kiingereza. Kibwana akanieleza maana yake: vidole vimekatwa na mnyororo kwa uzembe wangu.

"Tia dole gumba tu, ndugu yangu, yaishe. Ule mguu ulikunjika. Ni ajali, si mtu."

"Mguu wa chuma hauna akili," nikamwambia. "Aliyeruhusu bunduki ya nne ana akili. Na aliyeniambia panda anayo pia. Sitii."

Nadhim akasema nitarudishwa kwetu. Nikasema nirudisheni. Alipotoka nikamwomba Kibwana abaki, nikamuuliza polepole: "Haji Makame ni nani?"

Alikuwa ameshika kikombe cha chai yangu. Chai ikammwagikia mapajani na hakuruka.

"Nani kakutajia?"

"Mwenyewe. Ana kovu hapa, shavuni."

Kibwana akakaa kitandani kwangu, akaufunika uso. Akanambia Haji alifanya naye kazi shimoni kabla yangu, Mzanzibari, mtu wa mzaha. Kampuni iliandika amekufa kwa joto, sanduku likafungwa, mama yake akaambiwa asilifungue. Nikamuuliza, "Na wewe ulikuwa umeshika nini siku hiyo?" Akainuka akatoka. Lakini nilijua alilipwa nini kwa kunyamaza. Kabla ya Haji kufa Kibwana alikuwa mbandika karatasi kama sisi. Baada yake akapewa redio.

Wakanirudisha. Niko Tanga sasa, naendesha genge la mboga kwa mkono mmoja na nusu. Kwenye kifundo cha mguu kuna alama tano, nne mbele na moja nyuma, nyeusi, nywele hazioti hapo. Ikifika saa nane mchana, hata jua liwake vipi, mahali hapo panakuwa baridi, mke wangu anapagusa na kuondoa mkono haraka. Sheikh mmoja alitaka kupasomea paondoke. Nikakataa. Yule hakunidhuru. Walionidhuru walikuwa hai, wana viatu safi na wanakula biriani.

Nyinyi mnaopeleka vijana huko, nawaonya. Msiwafundishe kuogopa mashetani. Wafundisheni kumwogopa mtu anayesema "panda, huku khalas" na yeye hapandi. Na sanduku likija limefungwa na karatasi imeandikwa joto, fungueni. Wakiwakataza, fungueni hivyohivyo.

Nimekwenda Unguja kumtafuta mama yake Haji. Nilimpata, anaishi na binti yake. Nikamweleza yote kama nilivyowaeleza nyinyi, na mguu akautazama. Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu, na mimi jibu sina, kwa hiyo namfikishia mwenye jibu.

Nadhim, wewe labda hutasoma Kiswahili. Lakini Kibwana, wewe unasoma, na najua umesharudi kwenu Mombasa, umejenga, watu wanakuita Haji Kibwana kwa heshima. Mama wa watu anauliza: siku mwanawe alipopanda lile tuta, nani alimwambia panda? Usinijibu mimi. Panda boti uende ukamjibu yeye, yuko hai bado, na mlango wake uko wazi.